Theluji ya Jangwani: Ua la Rangi Mbili na Ubishi wa Zaidi ya Miaka 60

Shikamooni wazee, hamjambo walimu wenzangu, na ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita mliojaza viti vya nyuma, karibuni sana. Nimeitwa niongee juu ya uteuzi asilia, yaani jinsi viumbe wenye sifa zinazofaa mazingira yao wanavyoacha wazao wengi kuliko wengine. Nimeomba ruhusa kwa wenyeji wangu niongee juu ya ua moja tu, na wamenikubalia. Kopo hili mnaloliona hapa mezani lina maharage, mia mekundu na mia ya njano. Msiliulizie sasa, zamu yake itafika.

Ua lenyewe kwa jina la kitaalamu ni Linanthus parryae. Jina Linanthus limetoka Kigiriki, maana yake ua la kitani, na alilitoa George Bentham mwaka 1833. Ni la familia ya filoksi, ile ambayo baadhi yenu mmeiona kwenye bustani za maua. Familia hiyo ina spishi karibu 400, na nyingi kwao ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Ndani yake kundi la Linanthus ni dogo, spishi takriban 25 tu, na nyingi ni mimea ya msimu mmoja: inaota, inachanua, inamwaga mbegu, inakufa, yote ndani ya miezi michache. Yumo ndugu yake mmoja anayefungua maua jua likizama, akachavushwa na nondo usiku. Ningeweza kukaa naye jioni nzima, lakini leo siye niliyemfuata.

Huyu wetu anaishi California, katika jangwa la Mojave, kwenye mchanga. Dodoma tunaiita kame, nayo hupata zaidi ya milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kule mara nyingi hazifiki 200, na nyingi hunyesha wakati wa baridi. Mvua ikiwa ya kutosha, mbegu huota, na kufika Machi au Aprili mchanga umefunikwa maua. Mvua ikikosekana, huoni kitu.

Hilo nimelishuhudia mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi huko niliomba lifti, nikasafiri nusu siku kwenda kuyatazama, nikakuta mchanga mtupu na vichaka vikavu. Nilirudi nimenyong'onyea. Miaka miwili baadaye mvua zilinyesha vizuri, nikaenda tena mahali palepale. Kutoka barabarani ungeapa kuna theluji, na ndiyo sababu watu wa huko wanaliita theluji ya jangwani. Ukikaribia unaona ni vimmea vidogo mno, vingine havifiki urefu wa kidole gumba. Lazima ulale kifudifudi, kidevu mchangani. Nililala hivyo. Majani yamechanika nyuzinyuzi kama sindano, yamejificha chini ya ua, kwa hiyo unaona ua kubwa limekaa juu ya mchanga kana kwamba halina shina. Petali tano. Kwenye kitako cha kila petali, pale inapoingia kooni, kuna alama ya zambarau iliyopinda kama tao la mlango. Ndani kulikuwa na mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele, amejipaka chavua mwili mzima. Mbawakawa hao ndio wachavushaji wake wakuu, na mmea unawategemea kweli, kwa sababu haujichavushi wenyewe. Lazima chavua itoke kwa jirani.

Nilipoinua kichwa nikaona jambo lililowagombanisha wataalamu. Nilikolala, maua yote yalikuwa meupe. Mbele kidogo yalichanganyika, meupe na ya bluu. Mchanga uleule kwa macho yangu, jua lilelile, mbawakawa walewale. Rangi hiyo inaamuliwa na jeni moja: ya bluu ndiyo tawala, kwa hiyo ua jeupe ni lile lililorithi nakala nyeupe kutoka pande zote mbili. Sehemu kubwa ya jangwa ni nyeupe tupu, halafu hapa na pale kuna maeneo yenye bluu nyingi. Kwa nini?

Majira ya kuchipua ya 1941 kusini mwa California kulikuwa na mvua isiyo ya kawaida. Carl Epling, mtaalamu wa mimea wa chuo kikuu cha Los Angeles, na Theodosius Dobzhansky, mwanajenetiki aliyezaliwa Ukraine, waliitumia nafasi hiyo. Walifuata barabara za jangwani, wakasimama kila baada ya umbali fulani, wakahesabu maua: meupe mangapi, ya bluu mangapi. Walifanya hivyo kwenye vituo zaidi ya 1,200. Mwaka uliofuata wakachapisha ramani. Bluu ilijitokeza kama mabaka, yametengana, bila mpangilio unaoeleweka. Wakahisi kwamba huenda ni bahati tu.

Sasa kopo. Natikisa, nachota maharage kumi bila kuangalia. Hesabuni nami: mekundu saba, ya njano matatu. Kopo ni nusu kwa nusu, mkono wangu umetoa saba kwa tatu. Sikuchagua, na wala rangi nyekundu haikunishinda nguvu. Sasa fikirieni kijishamba cha maua ambacho mbegu za mwakani zinatoka kwa mimea michache tu. Kila msimu ni kuchota namna hiyo, na safari hii unachota kutoka kwenye kile kilichobaki kwenye kiganja, siyo kutoka kwenye kopo zima. Saba kwa tatu itakuwa tisa kwa moja, halafu siku moja rangi moja itatoweka. Kijiji hiki kitaishia cheupe, kile cha bluu, bila sababu nyingine yoyote. Hiyo ndiyo tunaita kupeperuka kwa jeni.

Sewall Wright, mwanajenetiki wa Marekani, ndiye aliyelipa wazo hilo hesabu zake, naye alizichukua takwimu za jangwani akazichambua. Mwaka 1943 alichapisha uchambuzi wake: kwa jinsi mabaka yalivyokaa, mimea inayozaana pamoja kwa kweli ni michache mno mahali pamoja, kwa hiyo bahati inatosha kueleza sehemu kubwa ya tunachokiona. Ua letu likawa mfano mashuhuri. Ng'ambo ya bahari, Uingereza, mwanatakwimu na mwanajenetiki Ronald Fisher alishikilia kwamba uteuzi asilia ndio unaoendesha karibu kila kitu na bahati ni jambo dogo. Wawili hao hawakupatana kwa hilo mpaka Fisher alipofariki mwaka 1962.

Mtu ninayempenda zaidi katika kisa hiki ni Epling. Ramani ilikuwa yake, jina lake lilikuwa limeshatajwa, angeweza kwenda kutafuta ua jingine. Yeye alirudi jangwani. Kuanzia 1944 alichagua ukanda mmoja, akawa anauhesabu upya, mwaka baada ya mwaka, mvua isiponyesha akarudi mikono mitupu kama mimi, mwaka unaofuata akaenda tena. Mwaka 1960, yeye na wenzake Harlan Lewis na Francis Ball walitoa matokeo. Idadi ya mimea ilipanda na kushuka vibaya sana, lakini bluu ilibaki ilipokuwa na nyeupe ikabaki ilipokuwa. Mipaka haikusogea.

Tena waligundua kitu chini ya mchanga. Mbegu za ua hili hazioti zote kwa pamoja. Nyingine hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri. Kwa hiyo maua unayoyaona mwaka huu ni watoto wa misimu mingi, wamechanganyika. Mkulima anajua maana ya ghala: ukivuna kidogo mwaka huu, unakula na cha mwaka juzi. Hapa ghala linaharibu hoja ya Wright, kwa sababu bahati hufanya kazi haraka pale tu wazaao wanapokuwa wachache. Ukiingiza mbegu zilizolala, si wachache tena. Epling, aliyekuwa amefikiria bahati, akageuka akasema ni uteuzi. Kugeuka hadharani kwenye jambo ulilolichapisha mwenyewe kunahitaji moyo. Wright hakugeuka. Hata mwaka 1978, akikaribia miaka 90, alikuwa bado analitetea ua lake.

Lakini vijana, angalieni vizuri. Epling alikuwa ameonyesha kwamba mipaka haisogei. Hakuwa ameonyesha ni kitu gani kinaishikilia. Jambo hilo lilihitaji mtu wa kuhesabu mbegu, siyo maua peke yake.

Wanabiolojia wawili, Douglas Schemske na Paulette Bierzychudek, walihesabu kwa miaka 11. Walichokikuta, walichokichapisha mwaka 2001, kilinifanya nisimame nilipokisoma. Majira ya kuchipua yakiwa na mvua haba, mimea ya bluu ilitoa mbegu nyingi kuliko myeupe. Mvua zikiwa nzuri, myeupe ikaongoza. Mwaka huu wewe, mwakani mimi. Uteuzi ulikuwapo, tena wenye nguvu, ila unageuka na mvua, kwa hiyo mtu aliyekuja mwaka mmoja tu angeweza kuondoka na jibu la kinyume. Na ghala la mbegu linaisaidia kila rangi kuvuka miaka yake mibaya.

Kisha wakapata mahali pazuri pa kupimia: korongo dogo, upande mmoja bluu imetawala, upande wa pili nyeupe. Kama ni bahati, basi jeni nyingine zisizohusika na rangi nazo zingepaswa kutofautiana kuvuka korongo, maana bahati haichagui jeni. Walizipima, hazikutofautiana. Rangi peke yake ndiyo iliyogawanyika. Halafu wakafanya jambo ambalo mkulima yeyote angelifikiria: walichukua mbegu za upande huu wakazipanda upande ule, na za ule wakazileta huku. Kila upande, rangi ya wenyeji ilifanya vizuri zaidi. Udongo wa pande mbili haukuwa sawa. Hayo yalichapishwa mwaka 2007, miaka 66 baada ya Epling na Dobzhansky kusimamisha gari lao.

Mwenendo huu si mgeni kwetu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba wenye jeni moja ya selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu zenye umbo la mundu, ni wengi pwani na kandokando ya ziwa, na ni wachache nyanda za juu. Ramani ile ilimpa shaka tu kwamba malaria inahusika. Ilibidi aende kupima damu za watoto Uganda aone nani ana vimelea na nani hana, ndipo mwaka 1954 akaandika. Ninyi walimu mnaofundisha selimundu kila mwaka, tafadhali fundisheni na hatua hiyo ya katikati. Wanafunzi wetu wanapewa ramani na jibu siku hiyohiyo, wanadhani jibu lilisomwa kwenye ramani.

Najua kuna mtu atasema basi Wright alikosea, tumuache. Sikubali. Kwa ua hili, ushahidi umemwendea kinyume. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha kwamba bahati peke yake inaweza kuchora mabaka mazuri yanayodanganya macho, na bila yeye asingekuwapo mtu wa kuuliza kuhusu zile jeni nyingine za kule korongoni. Na sitaki mniamini kwa maneno. Kopo linaanzia kwako, mama wa kiti cha kwanza. Tikisa, chota kumi bila kuangalia, andika mekundu ni mangapi kwenye karatasi uliyopewa, yarudishe, mpe jirani. Likifika viti vya nyuma, mwalimu atakusanya karatasi, nami nitachora ukutani ramani ya ukumbi huu, kiti kwa kiti, tuone mabaka yako wapi.