Yai la Safura Halingoji Chai

Hamjambo wenzangu. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi wa Ahero mliokuja na mvua hii.

Niungame kwanza. Nikiwa bado mgeni kazini, tulienda kupima minyoo katika shule moja upande wa Busia. Tukapokea vikopo vya choo cha watoto, tukatengeneza slaidi zote kwa mpigo, ndipo walimu wakatukaribisha chai na mandazi. Ukarimu wa huko mnaujua. Tuliporudi kwenye hadubini jua lilikuwa la utosi. Mayai ya mchango yapo, ya kichocho yapo, ya safura, mnyoo anayenyonya damu, hakuna. Nikaandika sufuri, tena kwa mwandiko mzuri.

Lakini watoto wale ukiwavuta kope la chini, ndani kweupe, dalili ya kupungukiwa damu. Wengi walikuwa pekupeku, na safura huingilia nyayoni.

Kosa lilikuwa kwenye gliserini. Ile selofani, karatasi nyembamba ya kupitisha mwanga tunayofunika choo kwenye slaidi, huloweshwa gliserini ili uchafu ung'ae na mwanga upenye. Sasa yai la safura lina ganda jembamba; gliserini ikishamaliza uchafu inaling'arisha na lenyewe hadi lisionekane. Nusu saa ni salama, ikipita saa moja usilitafute. Yai la kichocho cha tumbo, lenye mwiba ubavuni, ni gumu. Hilo hata kesho utalikuta.

Na kuhesabu nako kuna mtego. Tundu la kibao chetu cha kupimia hubeba miligramu 41.7 za choo, ndiyo maana tunazidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Ukiona mayai 4 ya kichocho, hiyo ni 96, maambukizi mepesi. Ukiona 5 ni 120, tayari ni ya wastani. Yai moja! Kwa hiyo anayesoma huku akijibu simu namwomba aache kimoja.

Sufuri yangu haikubaki daftarini. Takwimu kama hizo ndizo zinazoamua dawa. Kwa minyoo ya udongoni, kama safura na mchango, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba wenye maambukizi wakifika asilimia 20, watoto wapewe dawa mara moja kwa mwaka. Wakifika 50, mara mbili. Mimi na mandazi yangu tungeweza kuwanyima watoto albendazole, dawa yao ya minyoo.

Siku hizi, baada ya miaka mingi ya dawa shuleni, mayai ni machache na slaidi moja hudanganya kirahisi. Tengenezeni mbili, na mkiweza chukueni choo cha siku nyingine pia, kwa sababu mnyoo hatagi sawasawa kila siku. Kwa kichocho cha tumbo kuna kipimo cha mkojo kinachonasa alama za mnyoo wenyewe. Nakipenda, ila kuhusu safura hakikuambii kitu.

Jambo moja hunikera. Tunahesabu watoto kwa sababu wamekaa darasani, hawakimbii. Waosha magari na wachimba mchanga wanaoshinda ndani ya ziwa hapa Kisumu, nani anawapelekea kikopo? Wanaingia majini kila siku, na konokono wa kichocho wako humo humo. Nyinyi wa afya ya jamii mnawajua kwa majina.

Haya, sogeeni mezani. Slaidi hii nimeitengeneza kabla sijaanza kusema, na saa inakimbia. Wa Ahero watangulie.