Mchezo Ndio Somo
Mhadhara kwa wazazi na walimu wa chekechea, Kisauni, Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walimu wenzangu, wazazi, na wazee wetu mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii mkaja kutusikiliza, ahsanteni sana.

Kila muhula walimu wa PP1 na PP2, ile miaka miwili ya chekechea kabla ya gredi ya kwanza, huulizwa swali lile lile langoni: "Mwalimu, mbona daftari la mtoto wangu halina kitu?" Mzazi amelipa karo, amenunua sare, na jioni mtoto anarudi na mchanga nywelini akisema, "Leo tumecheza duka." Hofu ya mzazi huyo naielewa, imetokana na mapenzi. Lakini nitasema waziwazi: kwa mtoto wa miaka minne na mitano, mchezo ndio somo lenyewe. Na mwalimu anayejua kuuandaa mchezo ana kazi kubwa kuliko yule anayeandika herufi ubaoni na kuwaamuru watoto wanakili.

Twende kwenye hiyo kona ya duka. Haina gharama: maboksi mawili na ubao juu yake, makopo matupu ya majani ya chai, pakiti za unga zilizojazwa mchanga, na mizani ya vifuu viwili vinavyoning'inia kwenye kijiti. Pesa ni vifuniko vya soda. Mtoto mmoja ni mwenye duka, mwenzake anakuja kununua. "Nipe mkate." "Mkate sita." Mnunuzi anatoa kifuniko kimoja kimoja. Mjue kwamba mtoto wa umri huu anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kidole chake kufuatana na mdomo; anaimba tu, hahesabu. Dukani hilo halipiti. Akiruka kifuniko kimoja, mwenye duka anamkatalia papo hapo, tena kwa sauti.

Mwalimu alikuwa kando akitazama. Sasa anaingia kama mteja. "Mwenye duka, mimi nina vinne tu, na nyumbani wananisubiri. Utanisaidiaje?" Mtoto anafikiri. "Nitakukopesha." "Na deni langu utalikumbuka vipi?" Mtoto anachukua penseli na karatasi, anachora kichwa chenye miguu, huyo ndiye mwalimu, na kando yake vijistari viwili. Viwili! Hakuna aliyemwambia atoe nne katika sita. Hakuna aliyemwambia maandishi hutunza kumbukumbu. Amefanya hesabu ya kutoa na ameandika, kwa sababu deni lilikuwa lake na alitaka kulidai. Karatasi ile ina thamani kuliko ukurasa mzima wa herufi "a" zilizonakiliwa kwa machozi.

Na machozi hayo yana sababu mwilini. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa yote ni gegedu laini, na hugeuka mifupa polepole, mmoja baada ya mwingine. Akiwa na miaka minne baadhi bado haijawa mifupa, na wa mwisho huanza kukaza mtoto akiwa ameshatoka chekechea zamani. Mkono huo ndio tunaoubana penseli kwa nusu saa, kisha tunamwita mtoto mvivu. Unachohitaji mkono huo ni kukanda, kukamua, kubana, kutunga shanga na kusuka ukili. Mama, ukikanda unga wa chapati mpe donge lake. Hiyo ndiyo homuweki ya PP1, na mkono wake utakushukuru akifika gredi ya kwanza.

Michezo yetu wenyewe tumeidharau, na hili linaniuma. Chukua mdako. Mtoto anachimba kishimo, anatia kokoto kumi, anarusha moja juu, na kabla haijaanguka anazikokota nyingine nje ya shimo, kisha anaidaka. Anarusha tena, anazirudisha zote ila moja. Duru inayofuata, zote ila mbili. Kisha tatu. Jicho liko juu, vidole viko chini, na kichwani inafanyika hesabu ya kutoa, haraka kuliko anavyoweza kuitamka. Au kile kinyume tulichosemeshana utotoni ili wakubwa wasitusikie, paka ikawa kapa, chupa ikawa pachu. Anayeweza kuchomoa silabi ya mwisho na kuirusha mbele ameshajua kwamba neno lina vipande, na bila kulijua hilo kusoma humwia mtoto kugumu. Watoto wa PP2 wakianza na maneno ya silabi mbili wanayaweza, na wanacheka mpaka wanakaa chini. Tumeyaacha hayo tukanunua chati za plastiki.

Najua wapo wanaosema mchezo unaharibu adabu, kwamba mtoto lazima azoee kutulia. Miaka ya 1940 watafiti wa Kisovieti walilijaribu jambo hili kwa watoto wadogo. Mtoto aliyeambiwa tu asimame wima bila kutikisika alishindwa upesi. Alipopewa nafasi ya askari mlinzi katika mchezo, alisimama kwa muda mrefu zaidi kwa mbali. Ndani ya mchezo alikuwa na sababu ya kujizuia. Mtoto anayengoja zamu yake kwenye kombolela, anayekubali leo awe mteja ilhali alitaka kuwa mwenye duka, anajifunza subira ambayo kiboko hakijawahi kuifundisha.

Na vituo vya mchezo vilipingwa tangu zamani. Mwalimu mmoja wa Kijerumani, Friedrich Froebel, alifungua kituo chake cha watoto Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, akawapa mipira, vipande vya mbao na bustani ya kulima. Mwaka 1851 serikali ya Prussia, dola mojawapo ya Kijerumani ya enzi hizo, ikapiga marufuku vituo vya namna hiyo. Yeye alifariki mwaka uliofuata, na marufuku ikaja kuondolewa baadaye.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu wa Pwani hii walimwomba msaada Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, kwa kuwa watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni. Mwelimishaji Bi Swafiya Said akaibeba kazi ile, ikaitwa mpango wa Madrasa. Chekechea ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa Liwatoni, hapa hapa Mombasa, mwaka 1986. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa kina mama na mabinti wa mitaa ile ile, wakapewa mafunzo. Vifaa vilikuwa vifuu, makombe ya pwani, mbegu, vitambaa. Dini ilikuwamo na mchezo ulikuwamo, na wala havikugombana.

Jambo kubwa katika njia ile ni kwamba mtoto kwanza husema atacheza nini, kisha hucheza, kisha hukaa na wenzake akaeleza alichofanya. Walimu, msiikate hatua hiyo ya tatu kwa sababu kengele imelia. Mtoto anapoeleza kwa nini mnara wake ulianguka, ndipo fikira hupangika. Na aeleze kwa lugha anayoiota. Sera ya Kenya inataka chekechea ifundishe kwa lugha ya mahali pale, na hapa kwetu hiyo ni Kiswahili. Mtoto anayekatazwa Kiswahili akiwa kwenye kona ya mapishi hageuki Mwingereza. Ananyamaza, na mchezo unakufa.

Sasa neno kwa walimu, na nalisema kwa heshima. Kuwaachia watoto uani huku wewe uko kwenye simu, huko ni kuwatelekeza. Mchezo wa kujifunza unaandaliwa jana yake. Unajua leo kwenye beseni la maji unataka waone kinachozama na kinachoelea, kwa hiyo umeweka kizibo, jiwe, kifuu na msumari. Unasogea, unauliza swali moja, unarudi nyuma. Unaandika kwenye kidaftari chako nani alifanya nini. Kipindi ni dakika 30, na dakika hizo hutumii kiti.

Najua wengine wenu mna watoto 60 peke yenu. Mtaala wa umilisi, ile CBC, ulioanza nchini kote Januari 2019 unataka mtoto atende, lakini haukuja na mwalimu wa pili. Chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na wazazi mliomo humu ndio wapiga kura wa kaunti. Waulizeni wawakilishi wenu wadi: walimu wangapi, vyoo vingapi, na uwanja uko wapi. Hata shule ya binafsi inayompa mtoto wa miaka mitano mtihani wa kuingia gredi ya kwanza, iulizeni inatafuta nini. Mkikubali kimya, mwalimu wa PP2 atalazimika kuwakaririsha watoto ili wafaulu mtihani huo.

Mwisho wa muhula msitafute nambari kwenye karatasi. Kaeni na mwalimu, mwulizeni: anacheza na nani? Akikwama anafanya nini? Anaweza kusimulia kisa kikaeleweka? Mwalimu aliyekuwa akitazama atakuwa na majibu, na mifano juu yake.

Kabla hatujaanza maswali, mwalimu pale mlangoni anakusanya vitu vya kona ya ujenzi. Tunahitaji vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, vifuu, makopo yasiyo na makali na kamba za katani. Leteni Jumatatu vikiwa vimeoshwa, na vya glasi msilete.