Bikari Ina Miguu Miwili Lakini Haitembei

Ndugu Mwenyekiti, wenzangu, na nyinyi mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnajua sijawahi kumaliza kwa wakati, asanteni.

Nimeombwa nizungumzie tafiti za nafasi, kuanzia hisabati tupu hadi ubunifu wa miji. Walionialika wanajua fika kwamba nitaishia kwenye umbali. Basi tusizungushane, tuanze na umbali.

Ila kwanza neno lenyewe. Ukisema huna nafasi, sijui kama huna muda, huna kiti au huna kazi. Watu hulaumu Kiswahili kwa hilo, wakisahau kwamba lugha hiihii imetupa hapa, huku na humu: mahali penyewe, eneo lisilo na mpaka, na ndani. Wanatopolojia, wanahisabati wanaochunguza ukaribu bila kupima mita, hujaza kurasa wakitofautisha nukta, ujirani wake na undani wa seti. Mtoto anayejifunza kuongea hachanganyi humu na huku. Haya, nimeshapotea njia.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye kamati moja, jina silitaji. Ukutani palikuwa na ramani. Mpangaji miji akachukua bikari, akachomeka sindano kwenye zahanati, akazungusha duara la mita 500. "Wote waliomo humu," akasema, "wana huduma ya karibu." Wajumbe wakaandika. Nikainuka, nikaweka kidole kwenye nyumba moja. Ilikuwa imeachana na zahanati kwa unene wa kidole changu. Katikati yake, reli. Kando ya reli, ukuta. Nikauliza: huyu anapita wapi? Nikajibiwa kwamba hilo ni suala la utekelezaji.

Jumamosi nikaenda mwenyewe. Nikaanzia kwenye mlango wa nyumba ile, nikafuata ukuta hadi kwenye kivuko, nikavuka, nikarudi kwa upande wa pili. Hatua 2,140. Nilipofika zahanati nikageuka, na ule mlango nilikotoka nikauona juu ya ukuta, na kamba ya nguo mbele yake: mashuka mawili na soksi moja. Soksi naiona! Mama mmoja kwenye foleni, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?" Nikamwambia napima umbali wa kutoka pale hadi hapa. Akanitazama. "Wa kuja au wa kurudi? Kuja ni mteremko."

Jamani, nimefundisha somo hili miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko lile. Mwaka 1906, katika tasnifu yake, mwanahisabati Mfaransa Maurice Fréchet aliuliza umbali ni nini hasa, ukiacha rula na mita. Akabakiza masharti machache. Umbali ni sifuri pale tu ambapo mahali pawili ni palepale pamoja. Kutoka huku kwenda kule ni sawa na kutoka kule kuja huku. Na kupitia kwa mtu wa tatu hakuwezi kufupisha safari. Chochote kinachotii masharti hayo ni umbali, iwe kati ya nukta, kati ya maneno au kati ya mistari iliyopinda. Yule mama, akiwa amesimama kwenye foleni, alikuwa amevunja sharti la pili. Hisabati haikuanguka. Ipo jiometria ya umbali usiolingana kwenda na kurudi, na wapo wanaoishi kwayo. Nyinyi wenye barabara za njia moja mnaishi humo kila siku.

Najua mtasema: Profesa, duara ni makadirio tu, mbona unatugombeza? Sawa, tuchukue mji bora kabisa, usio na reli, ukuta wala mlima, wenye mitaa iliyonyooka na kukatana kwa pembe mraba. Huko hutembei kukata majengo, unafuata mitaa. Ni jiometria ya teksi, inayotokana na kazi za mwanahisabati Hermann Minkowski. Katika mji huo, eneo unaloweza kulifikia kwa mita 500 ni mraba uliosimama kwa pembe yake, wala si duara. Duara lile lina hekta 78.5. Mraba una hekta 50. Kwa hiyo hata katika mji wa ndoto, zaidi ya theluthi ya eneo mliloliita la karibu si la karibu. Hayo ni makadirio? Makadirio gani yanayokosea upande mmoja kila siku?

Mwingine atasema siku hizi kompyuta hupima kwa kufuata barabara. Kweli, na nashukuru. Lakini mara nyingi barabara yenye njia nane huchorwa kama mstari mmoja, na kompyuta inaamini ukiwa kwenye mstari umeshafika pande zote mbili. Kavuke basi.

Wanahisabati, msicheke, nanyi hamtoki nje. Mnampenda mwenzenu Euler na madaraja saba ya Königsberg ya mwaka 1736, mji wa mto wenye visiwa viwili, mnarudia kwamba haiwezekani kuyavuka yote mara mojamoja katika matembezi mamoja. Mara ya mwisho mmetazama ramani lini? Mawili yalibomolewa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Mji sasa ni Kaliningrad, madaraja ya mahali pale ni matano, na matembezi yanawezekana, mradi uanzie kisiwa kimoja na kuishia kingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka. Bill Hillier na Julienne Hanson, watafiti wa usanifu majengo, London, kitabu cha 1984: mjini hesabu kona unazokata, si mita tu. Mbinu hiyo ilitumika Trafalgar Square, ambako watu walikuwa wakiuzunguka uwanja badala ya kuukata. Barabara ya kaskazini ikafungwa, ngazi zikajengwa katikati, kazi ikakamilika 2003, na leo watu wanapita. Christopher Alexander, aliyesoma hisabati kabla ya usanifu majengo, 1965: mji si mti wa matawi yaliyotengana, sehemu zake huingiliana. Hilo lilistahili saa nzima. Mwanahisabati Riemann na mhadhara wake wa 1854 kuhusu misingi ya jiometria nilimwandalia picha sita, anisamehe, tumruke.

Maswali. Ndiyo, wewe mwenye shati la bluu. Hapana, si wewe, wewe uliniuliza kuhusu duara mwaka jana, na jibu ni lilelile: hatua 2,140. Aliye nyuma yako.