Igeuze Hiyo Sarafu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sitembei, nimekaa mezani, maana kuna vitu vidogo nataka mvione. Ngoja nisogeze kamera.

Hii ni yuro moja: namba 1 na ramani ya Ulaya. Hii nayo vilevile, na hii pia. Sasa nazigeuza. Hii ina tai, ni ya Ujerumani. Hii ina mtu kanyoosha mikono, mchoro wa Leonardo da Vinci, ya Italia. Na hii ina bundi, msicheke, ya Ugiriki. Wameiga sarafu ya kale ya Athens. Zote nimepewa chenji hapahapa Ujerumani, wala muuzaji hakuhangaika kuangalia mgongo.

Mnaniuliza sana: nchi 21 zinatumiaje pesa moja bila kugombana? Jamani, zinagombana! Noti na sarafu zilianza kushikwa Januari 2002, na raha yake ni kweli: unavuka mpaka, hakuna wa kukukata kwenye kubadilisha fedha. Lakini riba inapangwa na benki kuu moja, iko Frankfurt. Anayekimbia na anayechechemea, riba yao ni ileile.

Angalieni huyu bundi. Nchi yenye pesa yake ikibanwa na madeni, inaweza kuiacha ishuke thamani, bidhaa zake zikawa rahisi kwa wageni, watalii wakaja. Inauma, ila inakupa pa kupumulia. Ugiriki ilikuwa imeshaiaga drakma, pesa yake ya zamani, tangu 2001. Madeni yalipoilemea 2010, ikabaki kukata mishahara na pensheni. Kiangazi cha 2015 benki zikafungwa wiki tatu. Watu foleni kwenye ATM, mwisho yuro 60 kwa siku. Hata uwe na maelfu kwenye akaunti, 60.

Na ile sheria yao kwamba nakisi ya bajeti, yaani serikali kutumia kuliko inachokusanya, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa? Mwaka 2003 Ujerumani na Ufaransa ziliivuka, na faini hazikulipa. Hapo mimi huwa nakasirika kidogo.

Hata hivyo Ugiriki haikutoka, na Bulgaria ndiyo kwanza imeingia, Januari 2026. Bado sijaipata sarafu yao. Nikiipata nitawaonyesha. Huyu bundi kesho asubuhi namtumbukiza kwenye mashine ya tiketi ya treni.