Mwanga Usiotambulika: Askari wa Lindo Aandike Nini

Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini mbele ya askari wa jeshi la akiba, walinzi wa usiku, wavuvi na wanafunzi

Shikamooni wazee wangu. Ndugu askari na vijana, habari za jioni.

Tarehe 13 Januari 1981, Luteni Kanali Charles Halt, naibu kamanda wa kambi ya Jeshi la Anga la Marekani mashariki mwa Uingereza, aliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Uingereza barua ya ukurasa mmoja. Kichwa cha barua kilitaja mianga isiyoelezeka. Ndani yake alieleza kwamba askari wa doria waliona mwanga wa ajabu katika msitu wa Rendlesham, nje ya lango la nyuma la kambi ya Woodbridge, mnamo saa 9 usiku, alfajiri ya tarehe 27 Desemba 1980.

Tarehe hiyo si sahihi. Polisi wa raia waliitwa msituni usiku ule ule, na kumbukumbu zao zinaonyesha tarehe 26. Kanali aliandika baada ya zaidi ya wiki mbili kupita, na siku moja ikateleza. Matokeo yake, waliokuja kuchunguza walianza kwa kukagua anga la usiku ambao haukuwa wenyewe. Waliporudi kwenye tarehe 26 walikuta kwamba mnamo saa 9 usiku huo kimondo king'avu mno kilipita juu ya kusini mwa Uingereza. Hawa ni maofisa waliofunzwa, wenye daftari na saa mkononi.

Sisi wa Pwani tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kosa hili. Mzee wa Mikindani akikwambia "usiku wa Ijumaa" ana maana ya Alhamisi jua likishazama. Kijana wa mgambo akisema hivyo hivyo ana maana ya Ijumaa yenyewe usiku. Mwanga mmoja, mashahidi wawili wakweli, na karatasi zao zimepishana siku nzima. Kwa hiyo andika hivi daima: usiku wa Alhamisi tarehe 12 kuamkia Ijumaa tarehe 13. Saa nayo iandike mara mbili, saa 8:40 usiku, yaani 02:40. Wenye kumbukumbu za setilaiti na za ndege hutumia saa za kimataifa, ambazo ni zetu ukitoa tatu: 02:40 ya hapa ni 23:40 ya jana yake. Ukiliacha hilo bila kulisema, anayekagua atalikisia, na atakisia vibaya.

Usiku wa tukio la pili, Halt aliingia msituni yeye mwenyewe na kinasa sauti kidogo. Katika yote yaliyofanyika kule, hilo ndilo la maana kuliko mengine, na anastahili sifa kwa hilo. Kwenye kanda anasikika akiuona mwanga, unapotea, anauona tena. Ukiisikiliza ukiwa na saa ya sekunde, mapengo ni ya sekunde tano hivi. Mnara wa taa wa Orfordness, uliokuwa pwani upande wa mashariki wa msitu huo, ulimulika mara moja kila sekunde tano. Mmoja wa askari wa usiku wa kwanza alikwisha kuandika katika maelezo yake kwamba waliufuata mwanga kwa takribani maili mbili kabla ya kutambua kuwa ni wa mnara wa taa. Halt ameendelea kukataa kwamba alichokiona ni mnara, na ni haki yake. Lakini bila ile kanda kusingekuwa na cha kubishania: tungebaki na neno la mtu mmoja.

Tuje kwenye jicho. Kwenye giza, jicho la askari halina uwezo ambao jicho la mvuvi halina. Mwanga mmoja usio na kitu kando yake hauwezi kukadiriwa umbali, na asiyejua umbali hajui ukubwa wala kasi. Ripoti inayosema "kilikuwa na ukubwa wa basi, umbali wa mita 800" imebeba namba mbili ambazo hakuna aliyezipima. Zaidi ya hapo, nukta ya mwanga kwenye giza tupu, ukiikazia macho, huanza kuonekana inatembea, inayumba, hata inakukwepa. Jicho lenyewe ndilo linalocheza, na ubongo haupati kitu kilichosimama cha kulinganishia. Marubani wa vita vya pili vya dunia waliwahi kufuata nyota kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni rahisi. Egemeza kichwa kwenye nguzo au shina la mnazi, fumba jicho moja, na uupange mwanga uguse ukingo wa bati au kona ya ukuta. Tulia hapo dakika nne kamili. Nyota na sayari husogea nyuzi 1 hivi kila dakika nne, na nyuzi 1 ni upana wa kidole chako cha mwisho mkono ukiwa umenyooshwa. Ukikuta mwanga umeachana na bati kwa kidole kimoja, huyo ni mwenyeji wa anga, na amesogea kwa sababu dunia inazunguka.

Mkono huo huo ndio kipimo chako cha zamu nzima. Umenyooshwa, vidole vitatu vya kati pamoja ni nyuzi 5, ngumi ni nyuzi 10, na shubiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, ni kati ya nyuzi 20 na 25. Mwezi mpevu ni nusu ya nyuzi tu. Wengi hudhani ni mkubwa mara kumi. Anza kwenye upeo wa macho, panda ngumi juu ya ngumi, andika: mwinuko ngumi mbili na nusu. Mwelekeo upime kwa dira, ukiwa umesogea hatua kumi kutoka kwenye gari, paa la bati au bunduki, maana chuma huivuta sindano. Dira ya simu nayo hudanganyika hivyo hivyo. Na useme kama ni nyuzi za dira au za ramani, maana kaskazini ya sindano na ya ramani hazilingani kabisa.

Muda ndio chujio kali kuliko yote. Kimondo cha kawaida huisha ndani ya sekunde moja au mbili. Kikubwa sana huchukua sekunde kadhaa. Kipande cha roketi kinachorudi na kuungua huenda polepole zaidi, karibu sambamba na ardhi, kikimeguka vipande, kwa makumi ya sekunde hata kupita dakika. Setilaiti hukata anga kwa dakika kadhaa bila kupepesa, kisha huzimika katikati ya anga safi, kwa kuwa imeingia kwenye kivuli cha dunia. Kituo cha anga za juu cha kimataifa kiko kilomita 400 hivi kwenda juu, na kikipita vizuri hukaa machoni kama dakika sita. Setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa mafungu mwaka 2019, siku chache baada ya kurushwa hupita zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Droni ndogo ya kawaida humaliza betri ndani ya nusu saa hivi, kwa hiyo mwanga uliokaa pale pale saa mbili si droni ya aina hiyo. Ila kwa lindo la kando ya Ruvuma, droni ya dakika kumi ni habari ya kiusalama: ripoti kwanza, mengine baadaye.

Ndege ina taa nyekundu bawa la kushoto na kijani bawa la kulia, sawa na chombo cha baharini. Ukiona nyekundu iko kuliani kwako na kijani kushotoni, inakuja kwako. Ndege inayoshuka kuelekea uwanja wa Mtwara ikiwa imekuelekezea taa za kutulia itaonekana imesimama hewani kwa dakika kadhaa, halafu ghafla "itakimbia" kando pale itakapogeuka.

Wa hapa kwetu ninaowaogopa zaidi ni wawili. Zuhura inaweza kubaki angani hadi saa tatu hivi baada ya jua kuzama, na ikiwa chini inawaka kuliko taa yoyote ya kijijini. Wa pili ni nyota Sirius. Mwanzoni mwa Desemba huchomoza mnamo saa 2 usiku, mwelekeo wa nyuzi 107, na ukiwa Msimbati hiyo ni juu ya bahari kabisa. Ikiwa bado chini, hewa nzito ya bahari huifanya imetemete nyekundu, kijani na buluu. Ni nyota hiyo hiyo ambayo wachunguzi wa Rendlesham waliikuta upande wa kusini, pale ambapo Halt aliripoti kitu kilichokaa saa mbili au tatu kikitoa miali.

Vyombo navyo hukosea, na vikikosea huaminiwa zaidi. Mwaka 2019 manowari za Marekani karibu na California zilirekodi pembetatu zinazopepesa angani. Mei 2022, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, afisa wa ujasusi wa jeshi la majini alieleza kwamba umbo la pembetatu lilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea usiku kisha kwenye kamera. Katika tukio la Ubelgiji la Machi 1990, ndege za F-16 ziliporushwa kufuata mianga, uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa baadhi ya shabaha zilizoshikwa na rada ya ndege moja ilikuwa ndege mwenzake. Simu yako ina ugonjwa wa namna hiyo: ukivuta karibu, lenzi hukosa pa kushika na nukta huvimba kuwa sahani. Usivute. Iegemeze ukutani, hakikisha paa au mnazi unaonekana ndani ya picha, rekodi walau sekunde 30, na utamke kwa sauti saa, mahali na mwelekeo.

Kinachofaa kupita vyote ni lindo la pili. Lindi na Mtwara zimetengana takribani kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Chukua mwanga ulio juu kabisa ya utosi wa aliyeko Mtwara. Kama ni setilaiti, kilomita 400 juu, wa Lindi ataiona nyuzi 81 hivi, karibu na utosi wake pia. Kama ni kimondo kinachowaka kilomita 90 juu, ataiona nyuzi 56. Ndege ya abiria, kilomita 10, itakuwa kwenye nyuzi 9, chini ya ngumi moja. Kitu kilichoko kilomita moja kitakuwa nyuma ya minazi. Simu moja na ngumi mbili zimetoa umbali ambao hakuna shahidi wa peke yake angeweza kuutoa. Sharti ni moja: mpime kwa pamoja, mmoja akisema "sasa" kwenye simu. Kitu kinachotembea kikipimwa kwa dakika tofauti, hesabu yote inaharibika.

Kuna anayeuliza, je, hakuna hata kimoja kilichobaki bila maelezo? Vipo. Mradi wa Jeshi la Anga la Marekani wa kuchunguza ripoti kama hizi, uliofungwa mwaka 1969, ulikuwa na ripoti 12,618, na 701 zilibaki hazijatambuliwa. Taarifa ya serikali yao ya Juni 2021 ilikuwa na matukio 144, na moja tu lilitajwa kwa uhakika, puto kubwa lililokuwa likipungua hewa. Lakini Wafaransa, ambao shirika lao la anga za juu lina ofisi ya kazi hii tangu 1977, wametufundisha kutenganisha mafungu mawili. Fungu C ni tukio lisilotambulika kwa kuwa taarifa hazitoshi. Fungu D ni tukio lenye taarifa za kutosha, likachunguzwa, na bado likashinda. Magazeti huyachanganya. Mimi nalitamani fungu D, ndilo lenye elimu mpya, na linajazwa na askari aliyeandika vizuri tu. Askari aliyeandika "mwanga mkubwa, ulikuwa wa ajabu" ameongeza karatasi kwenye C.

Na wa kwetu, hasa ndugu wavuvi, mnajua usiku wa giza la mwezi bahari inavyojaa taa za dagaa. Mtu aliyesimama ufukweni, macho yakiwa mita mbili juu ya maji, upeo wake ni kilomita 5. Taa iliyotundikwa mita tatu juu ya maji ataiona hadi kama kilomita 11. Karibu na mpaka huo, joto la hewa linalotofautiana juu ya maji huinyanyua taa ikaonekana imeelea juu ya upeo, hata ikagawanyika mbili. Kabla ya kuandika chochote kuhusu mwanga wa baharini, uliza diko ni ngalawa na boti ngapi zimetoka.

La mwisho nalisema kwa mkazo. Fataki ya dharura ya meli, ile ya roketi na mwavuli, hupanda mita 300 au zaidi, huwaka nyekundu kwa sekunde 40 au zaidi, na hushuka polepole, si zaidi ya mita tano kwa sekunde. Ile ya kushikwa mkononi huwaka nyekundu dakika moja. Phoenix, Marekani, Machi 1997, maelfu walitazama mianga iliyoning'inia kisha ikazimika mmoja mmoja. Ile ya saa 4 usiku ilikuwa fataki za mazoezi za ndege za kijeshi, zikishuka nyuma ya milima. Kule hakuna aliyekuwa hatarini. Huku kwetu, nyekundu inayoshuka baharini ichukulieni kuwa watu wanazama hadi ithibitike vinginevyo. Usisubiri dakika nne za bati. Shika dira mara moja kabla haijazimika, maana sekunde 40 ni chache, soma nyuzi, kisha ita kwenye chaneli 16 ya VHF, redio ya baharini, au piga 112. Toa mahali uliposimama, nyuzi za dira na saa. Kama kuna lindo jingine ufukweni, lipigie nalo lisome nyuzi zake, kwa sababu mistari miwili ikikatana kwenye ramani, boti ya uokoaji ina mahali pa kwenda.