Kabla hujafanya baipasi ya tumbo, muulize daktari anaunganishaje

Haya wapendwa wangu mpo? Mimi nipo Minneapolis, theluji imejaa hadi mlangoni, na leo namjibu dada wa Morogoro aliyenitumia meseji eti hela ya baipasi, ule upasuaji wa kupunguza unene, imetimia anataka kujua atapungua kilo ngapi. Dada yangu, kilo zitashuka, we kwanza uliza watakuunganishaje huko ndani.

Maana baipasi hii ya kawaida ni hivi, wanakata tumbo la chakula wanakubakizia kifuko kidogo huku juu, kama mililita 30 tu, halafu wanapandisha utumbo mwembamba wanauunga hapo, na huku chini wanaunga utumbo kwa utumbo. Viungio viwili. Cha juu ndo chenye kazi, kikivuja uchafu unamwagika ndani na mtu anaweza kufa, kikijikaza chakula hakipiti. Wale wa sliivu, yaani waliokatwa tumbo pembeni likabaki jembamba bila kuungwa na utumbo, hawana kiungio, wana mstari wa pini tu.

Sasa kuunga kuna njia tatu. Kuna kushona kwa mkono, sindano na uzi, inakula muda na inataka mtu mwenye mkono kweli ila vifaa vyake bei nafuu. Kuna stepla ya mstari, inaingizwa kwenye vitundu viwili, inapiga pini huku inakata katikati, kisha lile tundu linalobaki wanalifunga, mara nyingi kwa kushona. Halafu kuna stepla ya duara, hii inapiga pini mzunguko mzima na kutoboa kwa mpigo mmoja, ndo waliyotumia madaktari wa upasuaji Wittgrove na Clark kule California walipoitangaza baipasi ya matundu madogo mwaka 1994. Tatizo lake ikitoka kwenye utumbo inapita kwenye kidonda cha ngozi, so kidonda kupata usaha ni rahisi zaidi, na kiungio cha stepla ya milimita 21 kinajikaza zaidi kuliko cha ya 25.

Mimi niliwekewa ya 21 na sikujua. Wiki ya tano nikaanza kutapika, kwanza kuku, halafu uji, mwisho hata maji, napiga simu hospitali naambiwa kula taratibu, jamani maji nayatafunaje? Siku tisa nimelia humu ndani peke yangu. Kuja kuingiza kamera tundu limebaki kama la mrija wa juisi, wakalitanua kwa puto, wakarudia tena baada ya wiki mbili, nikapona.

Kwa kuvuja hakuna njia iliyoshinda wazi, kwa hiyo mimi nisingemlazimisha daktari aache aliyoizoea. Muulize tu, unatumia ipi, saizi gani, umefanya wangapi, na ikijikaza hapo hapo mna kamera na puto au nitafute usafiri wa Dar?

Na ukishafanyiwa, diklofenaki na Brufen basi, sijali duka la dawa wanakuuzia bila cheti, zinachimba kidonda pale pale kwenye kiungio, na sigara vile vile. Siku za mwanzo moyo ukienda mbio hata umelala, homa, pumzi inakata, tumbo au bega linauma, usingoje asubuhi dada, waamshe watu wakupeleke usiku huo huo.