Busta sio ya kuongeza distosheni

BRO: Haya karibuni tena, leo tuna gitaa mkononi kabisa na emplifaya iko hapa chini inawaka, mkisikia mvumo kwa nyuma ndo yenyewe. Dogo amekuja na shida yake.

DOGO: Shida kweli bro, wiki nzima imeninyima usingizi. Nafanya zile rifu, vile vipande vifupi vya kurudiarudia, za thrashi metali, zile za mkono kukimbia, piki inapiga kushuka tu, chini tupu chini tupu, sasa nikiwa chumbani peke yangu naona niko vizuri kabisa, tukikutana na mpiga drams na mtu wa besi naskia uji. Geini, ile nobu ya emplifaya ya kusukuma sauti mpaka ipasuke, nimeweka kumi, draivu ya pedali, yani geini yake yenyewe, nayo kumi, nikajua labda distosheni, ule mpasuko, bado haitoshi.

BRO: Hebu piga tuskie.

[Gitaa: waya mnene umezibwa kwa kiganja, mapigo yanagandana]

BRO: Umeskia hapo? Pigo la kwanza halijaisha la pili limeshapanda juu yake. Ule waya wa E mnene unatetema kama mara 82 kwa sekunde, ukiuziba na kiganja unatoa mdundo mzito sana wa chini, na ule mdundo ndo una nguvu kuliko vitu vyote kwenye sauti yako. Ukifika kwenye geini unapasuka wa kwanza na ukishapasuka unafunika kila kitu.

DOGO: Lakini besi kwenye emplifaya nimeshusha mpaka tatu!

BRO: Umeshushia wapi sasa, hapo ndo penyewe. Chukua emplifaya kama Marshall JCM800, zile nobu za besi, midi na trebo zinakaa baada ya geini, yani sauti imeshapasuka ndo unakuja kupunguza. Ni kama nazi dogo. Unakuna, unakamua, unachuja na kifumbu, machicha unaweka pembeni ndo tui linaingia chunguni. Wewe umemimina na machicha yake halafu unahangaika kuyaokota na kijiko, mchuzi umeshachemka huyatoi yote.

DOGO: Kwa hiyo kifumbu ndo pedali.

BRO: Ndo kazi yake, ikikaa mbele ya emplifaya hivyo ndo tunaiita busta. Ile Tube Screamer ya Ibanez, ya kijani, watu wanaichukulia kama pedali ya distosheni, lakini ndani imepangwa hivi, kuanzia kama hertz 720 kushuka chini haikuzi sauti kama inavyokuza za juu, kwa hiyo midi inatokeza mbele na besi inabaki nyuma. Draivu weka sifuri. Sifuri kabisa, usiogope. Levo, ile nobu ya ukubwa wa sauti inayotoka kwenye pedali, peleka mpaka mwisho, toni iache katikati. Hapo umeichuja sauti na umeisukuma kwa nguvu ndani ya emplifaya, kazi ya kupasuka iachiwe emplifaya. Pedali ya SD-1 ya Boss, ile ya njano, ipo sokoni tangu 1981, inafanya kazi hiyo hiyo na mara nyingi bei yake ni rahisi.

DOGO: Mbona bendi ya Metallica kwenye ile albamu ya 1986, Master of Puppets, besi imejaa, na bado kila pigo linakata?

BRO: Aisee hilo swali nalipenda sana. Walirekodi Copenhagen, na emplifaya kubwa pale ilikuwa Mesa Boogie Mark IIC+. Sasa Mesa za Mark ni kinyume cha Marshall, nobu za toni zinakaa kabla ya geini nyingi, ndo maana wanaozijua besi wanaishusha karibu na sifuri. Ukiiona hivyo unasema huyu kaharibu. Kumbe mbele kule kuna ikwalaiza ya slaida tano, 80, 240, 750, 2200 na 6600, unapandisha ile ya 80, unashusha ya 750, besi inarudi ikiwa safi maana imeongezwa baada ya kupasuka. Toa kabla, rudisha baada. Halafu Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alipiga ridhimu zote mwenyewe, na anarudia rifu ile ile, moja inaenda kushoto nyingine kulia, kwa hiyo unene mwingine unatoka hapo, sio kwenye geini.

DOGO: Sisi wengine emplifaya za valvu kama hizo hatuna bro, mi napigia ile ya transista ya kanisani.

BRO: Haina neno, busta ianze, distosheni ifuate, kanuni haibadiliki. Na hiyo geini ishushe mpaka tano. Tena ukiwa na bendi shusha hata chini ya hapo, sauti ya kujaza unayoipenda chumbani ndo inayopotea mbele ya drams.

DOGO: Na ule mvumo nikiacha kupiga?

BRO: Weka geti, ile pedali ya kuzima kelele usipopiga, lakini isikate mapema. Ukiweza ifunge kwa ule mtindo wa waya nne, isikilize gitaa likiwa safi halafu ikate kelele baada ya distosheni. Ila geti haikufichii mkono ambao haujaziba vizuri. Hebu lete kiganja. Umekiweka mbele mno, ndo maana nota inakufa. Rudisha mpaka ukingo wa kiganja ukae pale pale nyuzi zinapotoka kwenye briji, kile chuma kinachozishika juu ya gitaa. Hapo. Piki yako ya ngapi?

DOGO: Milimita 0.6.

BRO: Inapinda hiyo, inachelewa kutoka kwenye waya. Shika hii ya 1.14. Draivu sifuri, levo mwisho, geini tano. Piga ile ile, usiongeze spidi.

[Gitaa: rifu ile ile, kila pigo limesimama peke yake]

DOGO: Eeh! Bro, katikati pamekuwa kimya. Naskia kabisa mahali pigo linaishia!

BRO: Sasa rudia dakika nne bila kupandisha mkono juu, chini tupu, alafu turekodi ya kushoto.

DOGO: Subiri nitune kwanza, E imeshuka.